Mkunga wa Gihosha na Kesi ya Rosa Mistika

Katika Rosa Mistika, riwaya ya kwanza ya marehemu Euphrase Kezilahabi, iliyochapwa Nairobi mwaka 1971 na kisha kupigwa marufuku katika shule za Tanzania, mna mahali ambapo kesi ya msichana aliyekwisha kujiua inasikilizwa mbinguni, na baba yake, aliyekuwa akimpiga kwa jina la malezi, anasimamishwa mbele ya Mola kujibu mashitaka ya binti yake mwenyewe. Nimewasikia walimu wakiisifu sehemu hiyo kwa ufundi wake, na wengine wakiilaumu kwa kuwa inawaacha walio hai na kukimbilia ghaibu. Lakini sikupata kusikia ikielezwa kama alivyonieleza mkunga mmoja mstaafu wa Gihosha, huko kwenye miinuko ya kaskazini ya Bujumbura, aliyeniambia kwamba katika umri wake wote hilo ndilo daftari pekee aliloliona ambamo mwanamume naye ameandikwa.

Neno hilo halikunitoka moyoni, nami nikarudi kwake kumwuliza alikuwa na maana gani.

Mama huyu, ambaye ameniomba nisimtaje jina, alivuka mpaka kuingia Tanzania akiwa mtoto katika mkimbizo wa mauaji ya Burundi ya mwaka 1972, akakulia katika makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu, mkoani Tabora, na huko ndiko alikojifunza Kiswahili hiki chake kilichonyooka. Rosa Mistika aliisoma akiwa msichana, kwa siri, kitabu kikiwa kimevishwa jalada la daftari la hesabu. Alisomea uuguzi, akarejea Burundi, akazalisha watoto wasiohesabika. Lakini mazungumzo yetu hayakuwa ya wale waliozaliwa.

Daftari la kupokelea wagonjwa, kama anavyolisimulia, lilikuwa kubwa, la jalada gumu, na lilipofunguliwa lilienea upana wote wa meza ya zamu. Safu ya kwanza ilikuwa ya nambari, ya pili ya tarehe na saa. Kisha jina, umri, mtaa au kilima anakotoka mgonjwa, mimba ya ngapi, watoto walio hai ni wangapi, hali aliyofika nayo, matibabu aliyopewa, na mwisho namna alivyoondoka: amepona, amepelekwa hospitali kubwa, au amefariki. Usiku, umeme unapokatika na chumba kubakiwa na kandili moja, alizijaza safu hizo kwa kalamu ya wino wa buluu, na penye hali ya mgonjwa aliandika maneno mawili tu ya Kifaransa, yenye maana ya mimba iliyoharibika bila kutoka yote, ingawa homa iliyokuwa ikiwaka mwilini mwa binti aliyeletwa, na vipande vya mti alivyovitoa kwa mikono yake mwenyewe, vilikuwa vimekwisha kumweleza kisa kizima. Miaka 16, mimba ya kwanza, watoto, hapana. Zaidi ya hayo daftari halikuuliza kitu, wala halikuacha nafasi ya kujibiwa.

Na mwanamume, anasema, aghalabu hakuwa mbali. Alikuwa nje, ameegemea ukuta, mtu mzima mwenye mke na heshima zake, ndiye aliyelipa nauli na ndiye aliyelipa dawa, akija mlangoni kila saa kuulizia kama mtoto wa jirani ameamka. Na kulipokucha alikwenda zake salama, bila kufukuzwa na mtu na bila kufichwa na mtu, kwa sababu hapakuwa na mahali pa kumwandika.

Ikafika mwaka mkunga akachukua rula, akapiga mstari pembeni mwa ukurasa, akapata safu yake ndogo isiyo na kichwa. Humo hakutia majina. Aliandika neno moja moja, kadiri wasichana walivyokubali kumwambia huku amewashika mkono: mwalimu, mchumba, mjomba, askari, mwenye nyumba, mume. Naam, mume pia, kwani waliofika katika hali ile hawakuwa wasichana peke yao, na anawakumbuka wake wa ndoa halali, mama wa watoto sita au saba, waliokuwa wamejificha kwa waume zao kwa hofu kubwa kuliko ile ya binti anayejificha kwa baba. Safu ile ilidumu kurasa chache. Msimamizi wake alipoiona alimwamuru aache, akimweleza kwamba daftari ni mali ya serikali na halikuwekwa kwa ajili ya umbea, naye akaacha.

Kwa macho hayo ndivyo anavyoisoma riwaya. Wasomaji wanakijua kisa: Rosa wa Ukerewe, binti wa Zakaria mlevi na Regina mvumilivu, anapigwa kwa ajili ya barua ya kijana Charles, anakua hajui mwanamume ni kiumbe gani, anafika kwenye masomo ya mbali bila ngao, anaharibiwa, anatoa mimba, anarudi nyumbani akitaka kutulia katika ndoa, na mchumba yule yule wa utotoni anamwacha kwa kuwa hakumkuta bikira. Mkunga anasema kwamba Kezilahabi alifanya lile alilokatazwa yeye, yaani alipiga mstari pembeni akawaweka humo wote, baba, wakubwa wa elimu na mchumba, kila mmoja kwa tendo lake.

Lakini hamsamehe mwandishi jambo moja, na hapa sauti yake ilipanda: kwa nini amuue? Katika mikono yake yeye walikufa wachache, wengi wakapona, wakafungua meza za vitenge sokoni, wakaolewa, wakazaa, na wengine anapishana nao mpaka leo njiani Gihosha, wakamwamkia na kuinamisha macho. Hao waliopona, alisema, hawana riwaya. Sikuwa na hoja ya kumtetea Kezilahabi, aliyefariki Januari 2020, ila kwamba labda mwaka 1971 hapakuwa na msomaji ambaye angemwonea huruma Rosa aliye hai. Nami sina yakini kwamba leo yuko.

Asidhani mtu kwamba mama huyu analiona jambo lenyewe kuwa jepesi. Ni Mkatoliki wa dhati. Hupanda Mont Sion, Gikungu, kwenye hekalu la Bikira Maria, na katika litania hutamka ile sifa ambayo mwandishi alimpa msichana wake kuwa jina. Sheria ya adhabu ya Burundi, iliyoandikwa upya mwaka 2009 na tena mwishoni mwa 2017, anaijua: kutoa mimba ni kosa, isipokuwa pale mama anapokabiliwa na hatari kubwa. Anajua pia kwamba nchi yake ilitia saini Mkataba wa Maputo wa haki za wanawake wa Afrika Desemba 2003, ambao unafungua mlango kwa aliyebakwa na kwa mimba ya maharimu, lakini haikuuridhia kama walivyofanya Rwanda, Tanzania na Kongo. Hakuniambia kama angependa uridhiwe. Alisema tu kwamba sheria nayo ina safu zile zile za daftari lake.

Mara moja aliona kama zinaongezwa. Juni 2018 Wizara ya Elimu iliagiza kwamba msichana aliyepata mimba asirudi katika shule za kawaida, na mvulana aliyempa mimba vilevile, agizo lililofutwa baada ya wiki chache. Naye, pamoja na uchungu alioupata kwa ajili ya wale mabinti, alishangaa kuona mwenye mimba na mwenye kuitia wametajwa katika waraka mmoja. Kisha akasoma tena, akaona kwamba aliyetajwa ni mwanafunzi peke yake. Mwalimu, mjomba na mwenye nyumba hawakuwamo. Kadhalika mwaka mmoja kabla yake, serikali ilipowataka wote wanaoishi kinyumba wafunge ndoa kabla mwaka 2017 haujaisha, alifurahi kuona watoto wakipata jina la baba kwenye karatasi, ilhali akiwakumbuka wale wake za watu waliofika kwake usiku, ambao karatasi walikuwa nayo siku zote.

Nikamwuliza swali lililokuwa likinisumbua tangu anisimulie habari ya rula: kama safu ile ingeachwa, na msichana akajibu kwamba ni baba yake, huyo aliyesimama nje ukutani, angeandika nini, na binti angerudi nyumba gani kulipokucha? Alinijibu kwamba jibu hilo alilipata mara mbili katika kazi yake, mara zote mbili baada ya kukatazwa. Kwamba aliandika jina la msichana, umri wake na mtaa wake, na mwisho akaandika amepona. Na kwamba mmoja wao alichukuliwa na shangazi yake wa Gitega, na wa pili alirudi na yule aliyekuwa akimngoja nje.