Dawa za Bure kwa Wazee: Tuulize Umri au Tuulize Mfuko?

KIPINDI CHA 17
Walengwa: Kina mama na walezi wa nyumbani
Lengo: Msikilizaji aelewe kwa nini mzee hukosa dawa, haki zake ni zipi, na mlezi afanye nini

(Muziki wa kufungulia, kisha upunguzwe polepole)

  

Katika vipindi vilivyopita tumemzungumzia sana mtoto: chanjo, kunyonyesha, kuhara. Leo tuhamie upande wa pili wa nyumba, alikokaa nyanya. Wengine mnamwita akko, wengine ayeeyo. Yeye ndiye aliyekushika mkono ulipojifungua, na leo ndiye anayekuuliza: "Dawa zangu zimebaki ngapi?"

Swali letu la leo linaulizwa hospitalini na hata Bungeni: je, kila mzee apewe dawa bure, awe maskini au awe tajiri? Au wapewe wale wasiojiweza peke yao?

Kidonge kinachogawanywa mara mbili

Tuchukue mfano, maana mambo haya tunayaona kila siku. Mama mmoja anaishi na mama mkwe wake mwenye umri wa miaka 72. Nyanya ana presha, na pia ana sukari. Daktari amemwandikia vidonge vya kumeza kila siku, maisha yake yote. Mwezi wa kwanza wamenunua dawa zote. Mwezi wa pili mbuzi hakupata bei nzuri sokoni, wakanunua nusu. Mwezi wa tatu nyanya mwenyewe akasema, "Sioni maumivu yoyote. Nitameza siku moja, niruke siku moja, ili mtoto anunuliwe daftari."

Mama, sikiliza vizuri hapo. Nyanya huyo si mjinga. Ana huruma na wajukuu wake. Lakini presha haina huruma. Ugonjwa huu hauumi mpaka siku unapoharibu. Mtu anajisikia mzima, huku mishipa ya damu inaumia kidogo kidogo kwenye ubongo, moyo, figo na macho. Siku moja mkono unalegea, mdomo unapinda, maneno hayatoki. Hicho ndicho kiharusi.

Na mzigo wa kiharusi unamwangukia nani? Unamwangukia wewe. Ni wewe utakayemgeuza kitandani, kumlisha na kumwosha. Huenda msichana wako mkubwa akaacha shule ili akusaidie. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa hapa ni kidonge kimoja kwa siku.

Tatizo hili si la wachache. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne nchini Kenya alikuwa na presha. Kadiri umri unavyopanda, ndivyo wenye presha wanavyozidi.

Tulikotoka

Kina mama wenye umri kidogo watakumbuka. Mwishoni mwa mwaka 1989 serikali ilianza kutoza ada katika hospitali na vituo vyake, na wagonjwa wengi wakabaki nyumbani. Mwaka 2004 ada ilipunguzwa: shilingi 10 kwenye zahanati na shilingi 20 kwenye kituo cha afya, na watoto wa chini ya miaka mitano hawakulipa. Mwezi wa Juni mwaka 2013 ada hiyo ya zahanati na vituo vya afya iliondolewa kabisa, na kujifungua katika hospitali za serikali kukawa bure.

Katiba ya mwaka 2010 inampa kila mtu haki ya afya, katika Kifungu cha 43. Kifungu cha 57 kinasema kwamba mzee ana haki ya kuishi kwa heshima, na kupata matunzo ya kadiri kutoka kwa jamaa yake na kwa serikali. Katiba inamhesabu mtu kuwa mzee akifikisha miaka 60. Angalieni maneno hayo: jamaa na serikali, wote wawili. Mzee hakuachiwa mlezi peke yake.

Tarehe 1 Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii, yaani SHA, ilichukua mahali pa NHIF. Ukishajiandikisha, matibabu katika zahanati na vituo vya afya yanalipiwa na mfuko wa serikali, hata kama hujatoa mchango. Lakini ukienda hospitali kubwa, sharti mchango uwe umelipwa. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara. Asiye na mshahara huulizwa maswali kuhusu nyumba na mali yake, kisha anapangiwa kiasi, ambacho hakipungui shilingi 300 kwa mwezi, na hulipa ya mwaka mzima pamoja.

Basi tatizo la nyanya wetu liko wapi? Liko sehemu mbili. Kwanza, zahanati iliyo karibu inaweza kuwa na dawa ya malaria na ya kikohozi, lakini ya presha imeisha. Pili, akitumwa hospitali kubwa, kuna mchango na kuna nauli. Akiambiwa dawa hakuna, anaelekezwa kwenye kemisti, na kemisti hauzi kwa mkopo.

Wanaosema: wapewe maskini peke yao

Wenye maoni haya wana hoja, tusiwapuuze. Wanasema pesa za kaunti ni chache. Mzee mwenye nyumba za kupangisha mjini, au mwenye pensheni nzuri, kwa nini achukue dawa ya bure, na huku mtoto wa Sericho anakosa dawa ya kuhara? Wanasema pia kwamba kitu cha bure huisha haraka, na kinapoisha maskini ndiye anayebaki bila kitu, kwa sababu tajiri ataenda kununua.

Hoja ya pili hasa ni ya kweli. Tazameni jirani zetu wa Tanzania. Sera yao ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliweka matibabu ya bure kwa wazee wa miaka 60 na zaidi wasiojiweza. Ni jambo jema. Lakini malalamiko yamekuwa kwamba mzee anamwona daktari bure, kisha anaandikiwa karatasi akanunue dawa dukani. Bure bila dawa kwenye rafu ni maneno matupu.

Wanaosema: wapewe wazee wote

Upande wa pili unauliza hivi: ni nani atakayempima mzee, ajue kama ni tajiri au maskini?

Hapa kwetu Isiolo swali hilo ni gumu kuliko Nairobi. Mali ya wengi wetu ina miguu minne. Kati ya mwaka 2020 na mwaka 2023 mvua ilikosa misimu mitano mfululizo. Mzee aliyeandikwa tajiri mwaka 2020 kwa sababu ya ng'ombe wake, miaka miwili baadaye alikuwa amebaki na fimbo. Orodha ya ofisini haijui hayo. Na mama mzee huenda anaishi kwenye boma lenye mifugo mingi, lakini hata mbuzi mmoja si wake wa kuuza. Akihesabiwa kwa mali ya boma, ataonekana anajiweza. Akihesabiwa kwa mkono wake, hana kitu.

Halafu kuna aibu. Wazee wetu wamelelewa kutoa, hawakulelewa kuomba. Ukimwambia mzee aende mbele ya watu kuthibitisha kwamba ni fukara, wengi watanyamaza na kukaa nyumbani.

Tena kuuliza mfuko si desturi yetu katika kila ugonjwa. Mama, ulipompeleka mtoto chanjo, kuna aliyekuuliza una ngamia wangapi? Dawa za kifua kikuu hutolewa bure kwa kila mgonjwa. Dawa za kupunguza makali ya ukimwi zimetolewa bure katika hospitali za serikali tangu mwaka 2006. Hakuna anayeulizwa mali yake. Mtu atasema magonjwa hayo huambukiza, kwa hiyo kumtibu mmoja ni kuwakinga wengi. Ni kweli. Lakini kiharusi cha nyanya nacho hufika kwa wengi: kwa mama anayeacha biashara yake ya maziwa, na kwa msichana anayeacha shule.

Nchi nyingine zimechagua umri. Huko Uingereza, mtu akifika miaka 60 anapewa dawa alizoandikiwa bila malipo, awe bwana mkubwa au mfagiaji. Ghana imewaondolea mchango wa bima ya afya wazee wa miaka 70 na zaidi. Zanzibar ilianza mwezi wa Aprili mwaka 2016 kuwalipa wazee wote wa miaka 70 na zaidi pensheni ya kila mwezi, bila kuuliza mali. Na hata hapa Kenya, tangu mwaka 2018 mpango wa Inua Jamii ulifunguliwa kwa wazee wa miaka 70 na zaidi wasio na pensheni, shilingi 2,000 kwa mwezi. Lakini fedha hizo mara nyingi huchelewa, na zikifika zinangojewa na unga, majani ya chai na nauli. Dawa husubiri mwisho wa foleni.

Sisi tunaonaje?

Maoni ya kipindi hiki ni haya. Mfuko uulizwe wakati wa kuchangia. Usiulizwe dirishani pa dawa. Mwenye mshahara mkubwa achangie zaidi akiwa kijana na ana nguvu, kama sheria inavyotaka sasa. Akishazeeka, yeye na jirani yake maskini wasimame kwenye foleni moja na wapewe kidonge kimoja.

Lakini tuanze na kinachowezekana. Dawa za kawaida za presha na sukari, kama amlodipini na metformini, si dawa ghali zikinunuliwa kwa wingi. Hizo ziwe kwenye kila zahanati na kituo cha afya, kila mwezi, kwa kila mzee. Kazi hiyo ni ya serikali ya kaunti, ambayo ndiyo inayosimamia zahanati na hospitali zetu tangu mwaka 2013. Katika mikutano ya bajeti ya kaunti mwananchi anaruhusiwa kusema. Kina mama, msiwaachie wanaume peke yao mikutano hiyo. Ulizeni: "Fedha za dawa za wazee ni ngapi mwaka huu?"

Wakati tunangoja, mlezi afanye nini?

1. Mwandikishe mzee SHA kwa jina lake mwenyewe. Kadi yako haimfuniki mama yako wala mama mkwe wako. Piga *147# au nenda naye na kitambulisho chake.

2. Anza na zahanati au kituo cha afya kilicho karibu kabla ya kemisti. Dawa ikikosekana, uliza itafika lini na kama kituo cha jirani kinayo.

3. Mkilazimika kununua, mwulize daktari au muuza dawa kama kuna ya bei nafuu inayofanya kazi ile ile. Dawa moja huuzwa kwa majina mengi, na jina la kampuni ndilo huongeza bei.

4. Usimkubalie mzee kuruka siku, kugawanya kidonge, au kumeza dawa ya jirani. Akishindwa na gharama au dawa ikimsumbua, rudini kwa daktari mumweleze ukweli. Anaweza kubadilisha.

5. Mwombe mhamasishaji wa afya ya jamii apime presha na sukari nyumbani. Tangu mwaka 2023 wahamasishaji walipewa mikoba yenye vifaa hivyo.

6. Mzee mwenye sukari anayetaka kufunga Ramadhani amwone daktari mapema kabla ya mwezi kuandama, ili wapange saa za dawa na kama anaweza kufunga.

7. Ukiona mdomo umepinda, mkono au mguu umelegea ghafla, au maneno hayaeleweki, usingoje asubuhi. Usimpe chakula wala maji. Mkimbize hospitali.

Mpendwa msikilizaji, siku moja nawe utaitwa akko au ayeeyo. Utakaa kivulini, na mtoto wa mtoto wako atakuletea maji ya kumezea dawa. Tunayoyatetea leo kwa ajili ya nyanya ndiyo tutakayoyakuta mbele.

 

(Muziki wa kufungia)

Maswali ya kuzungumzia katika vikundi vya kina mama

1. Katika boma lenu, ni nani huamua kama mzee anunuliwe dawa?
2. Je, mzee mwenye mifugo mingi apewe dawa bure? Kwa nini?
3. Zahanati yenu ilikosa dawa ya presha lini mara ya mwisho, na mlifanya nini?