Siri Ndani ya Saini

Waswahili tangu zamani walikuwa na mchezo wa kinyume, ambao silabi ya mwisho hutangulizwa mbele ya neno, kitabu kikawa bukita. Asikiaye hafahamu lisemwalo, lakini mara hutambua kwamba anafichwa jambo. Ipo namna nyingine iliyo ya hatari zaidi, nayo ni kuficha hata kule kuwapo kwa siri.

Namna hiyo ilielezwa mwaka 1983 na Gustavus Simmons, mtaalamu wa hisabati wa maabara ya Sandia nchini Marekani. Alitoa mfano wa wafungwa wawili wanaoruhusiwa kuandikiana, kwa sharti kwamba bwana jela asome kila barua. Wafungwa hutia saini za kidijitali, wapate kujua kama barua imegeuzwa njiani. Bwana jela husoma yote asione kosa. Kumbe shauri la kutoroka limo ndani ya saini yenyewe.

Katika saini nyingi za namna hii, mtiaji huchagua kwanza namba moja kwa bahati nasibu. Kwa hiyo barua moja yaweza kupata saini nyingi mno, zote halali, na penye uchaguzi ndipo siri hukaa. Ni kama mwandishi aliyepatana na mwenziwe kwamba "kisha" ni ndiyo, na "halafu" ni la: sentensi haiharibiki, wala mgeni hashuku. Katika kanuni ya DSA, iliyotangazwa Marekani mwaka 1991, saini ilikuwa na biti 320; mpokeaji aliyepewa ufunguo wa mtiaji aliweza kusoma humo siri ya biti zipatazo 160.

Simmons aliligundua jambo hili mwaka 1978, wakati Marekani na Urusi ya Kisovieti zilipokuwa zikijadiliana juu ya mipaka ya silaha za nyuklia. Ilifikiriwa kuweka vyombo katika mashimo ya makombora, vipeleke habari zenye saini kwamba kombora limo au halimo, pasipo kutaja ni shimo lipi. Biti 10 zilizofichwa zatosha kutofautisha mashimo 1,024; na adui alijuaye shimo aweza kulipiga.

Basi saini huthibitisha ni nani aliyeandika, na kwamba maneno hayakugeuzwa. Haithibitishi kwamba hapana neno jingine. Yawezekana kuamuru kwamba namba ile itokane na barua na ufunguo, isichaguliwe. Lakini bwana jela asiye na ufunguo hawezi kujua kwa saini peke yake kama amri imefuatwa.