Waifai Nyumbani: Tusimlaumu Jirani Kabla ya Kuutazama Ukuta

Miongoni mwa mambo yanayotia ghadhabu katika nyumba zetu siku hizi ni waifai, ambayo saa hii ipo na saa ijayo imetoweka. Kijana yumo katika dakika za mwisho za kupeleka maombi ya chuo, mara ukurasa haufunguki. Mama azungumza na mwanawe aliyeko Muscat, sauti yakatika katikati ya neno. Kisha huanza lawama: mtoto huambiwa kaimaliza intaneti kwa michezo, jirani hutuhumiwa wizi, na baba hulipia kifurushi kikubwa zaidi, na mwezi wa pili hali ikawa ile ile.

Yatupasa kwanza kupambanua vitu viwili ambavyo wengi huvichanganya. Intaneti huletwa nyumbani na kampuni, kwa waya wa faiba au kwa mnara wa simu. Waifai ni ile safari fupi tu itokayo kwenye ruta mpaka kwenye simu. Basi simama na simu yako hatua mbili tatu karibu ya ruta, au bora zaidi unganisha kompyuta kwa waya. Ikiwa hapo ni shwari na chumbani ni taabu, kampuni haina kosa. Ikiwa hata kwa waya yasuasua, usijichoshe kuhamisha ruta. Wapigie simu wenyewe. Na pengine kosa li mbali kabisa: tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM, zipitazo chini ya bahari, zilipata hitilafu, na Tanzania na Kenya zilikuwa miongoni mwa nchi zilizopungukiwa na intaneti. Siku kama hiyo kuzima na kuwasha hakufai kitu.

Walakini katika miji yetu ya kale, kama Lamu, Mombasa na Mji Mkongwe wa Unguja, adui mkubwa ni ukuta. Wazee walijenga kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta nene karibu ya nusu mita, ili joto lisiingie. Kuta hizo huyadhoofisha mno mawimbi ya redio. Naye fundi, kwa haraka zake, huiweka ruta pale pale waya ulipoingilia, nyuma ya mlango wa mbele, kisha wenyeji huificha kabatini kwa kuwa haipendezi machoni. Na chumba cha ndani kabisa, kuta tatu mbele, chatarajiwa kupata fungu lake! Ruta yataka kuwekwa katikati ya nyumba, mahali palipoinuka, mbali na vyuma, kioo kikubwa na tangi la maji. Kuta zikiwa nyingi, dawa ya hakika ni kuvuta waya mpaka ndani na kuweka kisanduku cha pili huko. Vile vikuza-mawimbi vichomekwavyo ukutani, vikiwekwa mahali ambapo mawimbi yamekwisha kufa, hukariri udhaifu ule ule.

Ruta nyingi hutoa mawimbi ya namna mbili. Ya gigahezi 5 ni ya kasi, ila huchoka upesi mbele ya ukuta. Ya gigahezi 2.4 hufika mbali zaidi, lakini humo ndimo wamo majirani wote, na jiko la maikrowevu nalo huleta fujo zake humo. Aketiye karibu na atumie 5, wa mbali 2.4. Katika hizo 2.4, chaneli zisizogongana ni tatu tu, yaani 1, 6 na 11. Kijana wa nyumbani aweza kutazama kwa programu ya simu ni ipi yenye nafasi, akaichagua.

Ama jirani, kabla ya kumdhania mabaya, fungueni ukurasa wa ruta mkasome orodha ya vyombo vilivyoungwa. Mara nyingi mwizi huwa ni televisheni ya ukumbini, au simu za binamu waliopewa neno la siri siku ya Idi. Libadilini neno hilo, na lile la kiwandani la kuingilia katika ruta pia, na mchague ulinzi wa WPA2 au WPA3.

Ruta inayotaka kuzimwa kila siku ndipo ifanye kazi ni gonjwa. Igusweni kama ina joto kali, na adapta yake ijaribiwe. Tatizo likibaki, andikeni kwa siku tatu saa ya kila kukatika. Ikiwa ni kila usiku baina ya saa mbili na saa nne, hata kwa waya, huenda ni msongamano wa upande wa kampuni, na daftari hilo ndilo la kuwasomea.