Katagami: Nakshi Izaliwayo Penye Kukosa Rangi

Katagami ni kiolezo cha karatasi kitumiwacho nchini Japani kutilia nguo nakshi. Karatasi za magome ya mforsadi hugandishwa pamoja kwa maji ya tunda la kaki, zikafukizwa moshi, kisha fundi akazitoboa kwa visu vidogo. Kiolezo hulazwa juu ya kitambaa na kupakwa gundi ya mchele. Kitambaa kitiwapo rangi na kufuliwa, penye gundi hubaki peupe. Hivyo basi, nakshi huzaliwa pale rangi iliponyimwa nafasi.

Mnamo 1955, serikali ilitambua uchongaji huu wa mji wa Suzuka kuwa urithi muhimu wa utamaduni. Hata hivyo, kimono zikivaliwa kwa nadra, mafundi nao hupungua. Kiolezo chaweza kuhifadhiwa makavazini; mkono uliokichonga huhitaji mrithi.