Seli za Ufizi na Jino Linalolegea

Jino lisilo na tundu lolote huweza kulegea na kung'oka, kwa mkulima wa Mabira, wilayani Kyerwa, sawasawa na kwa mkazi wa mjini. Chanzo chake ni ukoga, yaani utando wa bakteria unaojenga penye mpaka wa jino na ufizi. Mwili unapopambana nao, ufizi huvimba na kutoa damu. Mapambano yakidumu, nyuzi zinazolishika jino huharibika na mfupa wa taya hulika. Uchunguzi wa Baelum na wenzake, uliochapishwa mwaka 1986, ulionyesha kwamba miongoni mwa Watanzania watu wazima uharibifu mkubwa uliwaangukia wachache.

Ufizi uliojeruhiwa hupona upesi, lakini mfupa uliolika haurudi wenyewe. Ufizi huwahi kuziba pengo kabla mfupa na nyuzi hazijaota. Mwaka 2009 wataalamu nchini Marekani walieleza seli shina zilizomo ndani ya ufizi. Seli hizo huzaana, hutuliza uvimbe, na zaweza kugeuka kuwa seli za mfupa. Kipande kidogo cha ufizi hukatwa, seli zake huoteshwa katika maabara, kisha hupandikizwa penye pengo. Majaribio kwa wanyama yametia moyo. Kwa binadamu, hii bado si tiba ya kawaida.

Basi kinga ingali silaha ya kwanza: mswaki, uwe wa dukani au wa mti, ukitumiwa vizuri kila siku, huondoa ukoga. Ufizi unaotoa damu usipuuzwe, kwani hatua hiyo bado hutibika.