Kiraka cha Faili na Hatari ya Kukatika kwa Umeme

Mwaka 1998, katika Wilaya ya Rufiji, ambayo wakati huo ilijumuisha Kibiti na Ruaruke, ulianzishwa mfumo wa kufuatilia idadi ya watu na afya zao. Wadadisi walizipitia kaya za eneo lililochaguliwa kila baada ya miezi minne. Hawakuiandika upya orodha nzima; walinakili yaliyobadilika tu: aliyezaliwa, aliyefariki, aliyehamia na aliyehama.

Wataalamu wa kompyuta hufanya vivyo hivyo. Programu iitwayo diff, iliyotungwa katika maabara ya Bell huko Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970, hulinganisha mafaili mawili na kutoa orodha ya mistari inayotofautiana. Mwaka 1985 Larry Wall alitoa programu ya patch, yaani kiraka, ambayo huichukua orodha hiyo na kuishonea katika faili la zamani. Git, iliyoanza mwaka 2005, nayo husoma viraka vya namna hiyo.

Sasa tuchukue mfano. Baada ya mafuriko ya Aprili 2024 katika Rufiji na Kibiti, tuseme mwalimu wa Ruaruke anatunza orodha ya kaya 400 zitakazogawiwa mbegu. Mwenzake wa Kibiti anamletea kiraka cha mistari mitatu, naye anakitia kwa programu iliyoandikwa na wanafunzi wake. Programu hiyo inalifungua faili lenyewe kwa ajili ya kuandika, na papo hapo urefu wa faili unakuwa sifuri. Ndipo inapoanza kuirudisha mistari mmoja mmoja. Umeme ukikatika kwenye mstari wa 150, kaya 250 zimetoweka kwa sababu ya masahihisho ya mistari mitatu. Pengine hata hiyo 150 haikufika katika diski, kwani mfumo huihifadhi data kwanza katika kumbukumbu ya muda.

Mimi mwenyewe, nilipokuwa mwanafunzi ng'ambo, niliandika programu ya aina hiyo, nikapoteza kazi ya wiki mbili. Kila nilipoijaribu ilifanya kazi vizuri, na huo ndio ubaya wake.

Tiba yake ni hii. Programu ilisome faili la zamani bila kuligusa, iandike matokeo katika faili jipya la muda, iuamuru mfumo uyafikishe yote katika diski, na mwisho ilipe faili jipya jina la lile la zamani. Katika mifumo ya jamii ya Unix kubadili jina ni tendo moja lisilogawanyika: msomaji atalikuta faili la zamani zima au jipya zima. Lakini faili la muda sharti liwe katika diski ileile, maana kulihamisha kwenda diski nyingine ni kulinakili, na hatari inarudi palepale. Tena faili jipya huzaliwa na ruhusa zake lenyewe. Programu isiponakili ruhusa za lile la zamani, orodha iliyokuwa ya siri huweza kusomwa na kila mtu.

Mwalimu anaweza kulionyesha jambo hili darasani kwa faili la mistari elfu chache lisilo na thamani. Aifanye programu ingoje kidogo baada ya kila mstari, aikatize katikati, kisha wanafunzi wahesabu mistari iliyosalia.