Kosa la Kinnebrook

Mwanzoni mwa mwaka 1796, David Kinnebrook alipoteza kazi katika kituo cha kuangalizia nyota cha Greenwich, Uingereza. Mkubwa wake, Nevil Maskelyne, hakumtuhumu wizi wala ulevi. Vipimo vyake vilikuwa nyuma ya vya Maskelyne kwa sekunde 0.8.

Kazi yenyewe haikuwa ya mchezo. Unatazama saa, unaishika sekunde kichwani, kisha jicho linakwenda kwenye darubini huku sikio likihesabu mapigo. Nyota inausogelea uzi mwembamba uliowambwa ndani ya darubini. Pigo hili bado haijaufikia, pigo linalofuata imeshavuka; wewe ukadirie iliugusa lini, kwa sehemu ya kumi ya sekunde. Kinnebrook alionywa, na bado pengo likazidi kupanuka.

Miaka takriban 20 baadaye, mwanaastronomia Friedrich Bessel wa mji wa Königsberg aliijua habari hiyo, akajiuliza swali ambalo kwangu ndilo lililofungua mlango: je, na jicho la Maskelyne? Alijilinganisha na wataalamu wenzake, na kwa mmoja wao tofauti ikapita sekunde nzima. Hapakuwa na mzembe kati yao. Kila mtu ana mwendo wake, na mwendo huo unapimika.

Hilo si jambo dogo. Mwaka 1786, mwanafalsafa Immanuel Kant, wa Königsberg hiyohiyo, aliandika kwamba elimu ya nafsi haiwezi kuwa sayansi kamili kwa kuwa hisabati haiingii humo. Mwaka 1850, mjini humohumo, Hermann von Helmholtz alipima kwa mguu wa chura kasi ya ujumbe katika mshipa wa fahamu: takriban mita 30 kwa sekunde, chini sana ya kasi ya sauti hewani. Kumbe kuhisi kunachukua muda!

Franciscus Donders wa Utrecht akasogea mbele zaidi. Katika utafiti aliouchapisha mwaka 1868, mtu alishtuliwa mguu kwa umeme kidogo, naye ajibu kwa mkono wa upande huohuo. Asipojua mapema ni mguu upi, alichelewa kwa takriban sehemu moja ya 15 ya sekunde. Donders aliuhesabu muda huo kuwa ndio wa kuamua.

Kufikia 1879, Wilhelm Wundt alikuwa na maabara ya saikolojia mjini Leipzig, yenye saa za kupima sehemu ya elfu ya sekunde. Humo aliyepima leo kesho alipimwa, na katika majaribio ya mwanafunzi wake Max Friedrich, profesa mwenyewe aliketi kupimwa pamoja na wengine.